Sababu za Kuishi Huandikwa Mchana

Kama mawazo ya kujiua yako nawe sasa hivi, achana na makala haya. Nenda kwa mtu aliye karibu, awe mkeo, jirani au hata bawabu wa soko, umwambie maneno machache tu: "Naomba nisiachwe peke yangu." Kisha pigeni simu. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya haitozwi pesa. Befrienders Kenya wako kwa 0722 178 177, na mtoto apige 116. Ukikosa wa kukupokea, nendeni hospitali iliyo karibu, usiku au mchana. Haya yaliyobaki yatakungoja.

Wewe mwingine, ambaye leo una nafuu, au unayemtazama ndugu yako kwa wasiwasi, endelea. Mwongozo huu ni wa siku za nafuu. Nguvu zinazomzuia mtu asijitoe uhai hazitafutwi saa nane za usiku akili ikiwa imejifunga. Huandaliwa mapema, kukiwa na mwanga na kalamu mkononi.

Kuvumilia peke yake hakutoshi

Ukiteremka kutoka Nkubu kuelekea Tharaka, joto linapanda na migomba inaongezeka kando ya barabara hadi unaingia Mitunguu. Mvua ya huku si ya kutegemewa. Ni mradi wa maji ya kunyunyizia wa miaka ya 1980 ulioifanya ardhi hii iwe ya ndizi. Siku ya soko mikungu hupangwa chini kwa safu, wanunuzi wakipita wakiibonyeza na kuitolea kasoro ili bei ishuke, na malori ya Nairobi yakingoja kujaa. Pesa unaiona. Usichokiona ni mkulima aliyemkopesha broka mikungu ya mwezi mzima na sasa simu ya broka haishiki, huku karo, chama na mkopo wa simu vyote vinamdai wiki hiyo hiyo.

Ukimjulia hali atakwambia yuko sawa tu. Ndivyo alivyolelewa. Tangu jandoni aliambiwa mwanamume halii, na mama yake naye alisifiwa kwa kubeba mambo kimya kimya. Siudharau uvumilivu, bila huo hakuna ambaye angelima huku chini. Lakini uvumilivu wa kimya hufunga mlango ambao msaada ungepitia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na wanaume ni kama mara mbili ya wanawake. Hao si watu waliokosa ujasiri. Wengi wao walikuwa wavumilivu kupita kiasi.

Basi ukiulizwa una nguvu gani za kukukinga, usianze na ile ya kukaza roho. Anza na sababu.

Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, Marsha Linehan, alichapisha utafiti uliogeuza swali la kawaida. Badala ya kuuliza kwa nini watu hutaka kufa, aliwauliza watu wa kawaida: wazo hilo likikujia, ni nini kingekufanya usilitekeleze? Majibu yao yakawa orodha ya sababu 48 za kuishi. Watu ambao hawakuwahi kufika ukingoni walitofautiana na wenzao hasa kwa mambo matatu: imani kwamba wanaweza kukabili yatakayokuja, wajibu wao kwa familia, na watoto wao. Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, Linehan alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe akiwa msichana aliwahi kulazwa hospitalini kwa sababu ya mawazo hayo hayo. Kwa hiyo orodha ile haikutungwa na mtu aliyetazama mambo kwa mbali.

Chukua daftari uandike yako. Sharti langu ni moja: usiandike neno kubwa. "Familia" halitakusaidia usiku, kwa sababu usiku akili itakujibu kwamba familia itapata nafuu bila wewe. Andika kitu kisichobishika. "Binti yangu hunisubiri mimi ndipo afanye hesabu zake za shule." "Ng'ombe huyu hakubali kukamuliwa na mtu mwingine." "Zamu yangu ya maji ni Alhamisi." "Nimepanda parachichi, bado sijaonja tunda lake." Usione haya kumweka ng'ombe kwenye orodha. Sababu ndogo inayokuamsha alfajiri ina kazi kubwa kuliko sababu tukufu isiyokuamsha, na kwa maoni yangu ng'ombe ameokoa watu wengi kuliko anavyosifiwa.

Tumaini ni kuona njia

Watu hulizungumzia tumaini kana kwamba ni hali ya hewa, leo lipo na kesho halipo. Charles Snyder, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Kansas, alilieleza kwa namna inayoshikika: mwenye tumaini ana jambo analolitaka, anaona zaidi ya njia moja ya kulifikia, na anaamini miguu yake inaweza kuipita angalau mojawapo. Mtu anayetaka kujiua mara nyingi hajakosa lengo. Anachotaka ni maumivu yaishe, na anaona njia moja tu.

Kwa hiyo kazi yako ni kuongeza njia, hata kama ni za matope. Chukua mfano wa deni, maana huku ndilo husukuma wengi. Andika jumla ya unachodaiwa, kila mkopo na mwenyewe. Usikadirie, mara nyingi deni lililoandikwa ni dogo kuliko lile linalozunguka kichwani. Halafu andika njia tatu mbele ya kila moja. Chama: nenda kwa mweka hazina kabla ya siku ya mkutano, si baada, umwombe mpange upya malipo. Sako ina utaratibu wa kuongeza muda wa mkopo, lakini humsaidia zaidi anayefika mapema kuliko anayejificha. Mkopo wa simu usiulipe kwa mkopo mwingine wa simu. Karo: mwone mwalimu mkuu ana kwa ana ukiwa na chochote mkononi, umwahidi kiasi unachoweza kukitimiza. Hakuna njia hapo ya kukutajirisha. Lakini kichwa kilichoona njia tatu hakirudi kirahisi kwenye ile moja.

Vijana wanahitaji haya mapema zaidi. Tom Osborn, Mkenya aliyeanzisha taasisi ya Shamiri, pamoja na wenzake walifanya jaribio katika shule za sekondari za Nairobi na Kiambu kwa wanafunzi 413, matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Kwa wiki nne wanafunzi walikaa katika vikundi vidogo vilivyoongozwa na vijana waliomaliza kidato cha nne si zamani, wala si madaktari. Walijifunza mambo matatu: kwamba uwezo wa mtu hukua akijitahidi, kwamba shukrani ni zoezi la kufanywa, na kwamba kila mtu ana maadili anayoyathamini na anaweza kuishi kwayo. Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Mzazi mwenye mtahiniwa wa KCSE nyumbani, hapo pana somo. Mwambie mwanao kabla ya matokeo, tena kwa maneno, kwamba alama haziwezi kumfukuza nyumbani kwenu. Usidhani anajua.

Kuhusu shukrani, iwe ya kweli na ya jambo dogo. Kumwambia mtu aliyefiwa na kufilisika ahesabu baraka zake ni kumtukana. Lakini kumwandikia mtu ujumbe, "Ulinibebea magunia mawili siku ile mvua iliponishika, sikukushukuru," hilo hufanya kazi pande zote mbili: wewe unakumbuka kwamba hukuwa peke yako, naye anajua kwamba alifaa.

Anayejiona mzigo

Nakaa kidogo hapa. Mtafiti Thomas Joiner, katika kitabu alichokitoa mwaka 2005, alitaja hali mbili za moyo zinazozaa hamu ya kufa: kuhisi huna watu ambao wewe ni mmoja wao, na kuhisi wewe ni mzigo kwa wenzako. Ya pili utaisikia Mitunguu kwa maneno ya kawaida kabisa. "Mkiwa bila mimi mtapumua." "Watoto wangekuwa afadhali na mjomba wao." Mzee aliyepooza mkono anaanza kuyasema. Mama ambaye dawa zake zinakula mapato ya shamba naye pia.

Ndugu wa mtu kama huyo hukimbilia kumpunguzia kazi: "Wewe pumzika, tutafanya." Wanamtakia mema, lakini wanamthibitishia hofu yake. Mpe kazi inayolingana na nguvu zake, tena kazi ya kweli. Ahesabu mikungu inayotoka na kuandika bei. Akae na wajukuu jioni. Ashike daftari la chama. Kisha mlalamikie akichelewa, kama ungemlalamikia mtu mwingine yeyote.

Na ukiwa ni wewe unayejiona mzigo, usijipe hukumu ukiwa hakimu na mshtakiwa kwa wakati mmoja. Muulize mtu mmoja unayemwamini swali hili waziwazi: "Ningekuwa sipo, ungekosa nini?" Ni swali gumu kuliuliza. Ukilipata jibu, liandike kwenye lile daftari kwa maneno yake, si kwa maneno yako.

Kuomba msaada

Nenda shamba lolote hapa uone migomba iliyoegemezwa kwa mti wa panda. Hakuna anayeucheka mgomba ule. Kila mtu anajua umeinama kwa uzito wa mkungu. Mwanadamu tu ndiye anayeona aibu kuegemezwa.

Daktari wa akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake, msichana ambaye familia yake haikuwa na nauli ya kumfikisha hospitalini. Kutokana na msiba huo alianza mwaka 2006 kuwafundisha nyanya wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki, kuwasikiliza na kuwasaidia kutatua tatizo moja kwa wakati. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha waliokaa na nyanya hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Malawi na Zanzibar.

Mitunguu haina benchi hilo, lakini nyanya wapo. Yupo shosho mmoja ambaye kila mtu humpelekea ugomvi wa ndoa. Yupo kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo, mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba, mwalimu mstaafu. Chagua mmoja leo, ukiwa mzima, umwambie: "Siku nikikuambia mambo yamenilemea, usinihubirie kwanza. Keti nami." Chagua mtu asiyepeleka habari sokoni. Kipaji hicho ni adimu kuliko hekima.

Imani nayo ni nguvu, na huku watu ni wa kanisa, Wamethodisti na Wakatoliki wengi. Mtu aliye na kwaya ya Jumamosi na maombi ya nyumbani ana watu watakaogundua hakufika. Ila kuna mahubiri yanayomwambia mwenye mawazo haya kwamba tayari amepotea, na hayo humfanya ajifiche. Ukikutana na mhubiri wa namna hiyo, tafuta mwingine. Na asikuambie mtu uchague kati ya maombi na dawa.

Sasa ikiwa wewe ndiye unayemwendea mwenzako, uliza moja kwa moja. Kuuliza hakumtii mtu wazo la kujiua. Wengi hupata ahueni kwamba hatimaye mtu ameuliza. Sema hivi: "Ndugu yangu, naona hulali, na juzi ulisema watoto wangekuwa afadhali bila wewe. Umefikiria kujiua?" Akijibu "Wacha hizo," nyamaza kidogo, usicheke, usibadilishe mada. Akikubali, mshukuru kwa kukuambia, muulize kama ana mpango na kama ana kitu nyumbani alichokusudia kutumia. Akiwa nacho, usimwache peke yake hata dakika, na kiondolewe na mtu mwingine. Usimwambie "hebu fikiria watoto wako" kwa sauti ya kulaumu. Amewafikiria usiku kucha.

Karatasi ya mfukoni

Wataalamu wawili wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown, walitunga mpango mfupi wa usalama ambao mgonjwa huuandika kwa maneno yake akisaidiwa na mhudumu wa afya. Ulipotumiwa katika vyumba vya dharura vya hospitali za askari wastaafu, pamoja na simu za kumfuatilia mgonjwa, matendo yanayohusu kujiua katika miezi sita iliyofuata yalipungua kwa takriban asilimia 45, kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2018. Ni karatasi moja tu. Uandike wako katika upande wa pili wa orodha ya sababu, kwa mpangilio huu.

Juu kabisa, dalili zako: unaacha kujibu simu, unaanza kugawa vitu vyako, unakunywa peke yako. Chini yake, jambo unaloweza kufanya bila mtu: kuoga maji baridi, kukata majani ya ng'ombe, kusikiliza redio. Kisha mahali penye watu ambapo huhitaji kujieleza, kama kibanda cha chai au stendi ya bodaboda. Kisha majina na nambari za watu wawili unaoweza kuwaambia ukweli. Kisha hospitali na nambari za dharura. Ukifanya la kwanza na halikusaidia, shuka kwenye linalofuata. Usingoje ujisikie vizuri ndipo uendelee.

Sehemu ya mwisho ya karatasi ndiyo muhimu kuliko zote kwa mkulima: kuiweka nyumba salama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban kifo kimoja kati ya vitano vya kujiua duniani hutokana na dawa za shambani. Sri Lanka ilipopiga marufuku zile kali zaidi, kiwango cha kujiua kilishuka kwa kama asilimia 70 kati ya mwaka 1995 na 2015. Wengi hawakuhamia njia nyingine kama inavyodhaniwa. Saa mbaya huja na kupita, na asiyepata kitu cha hatari karibu katika saa hiyo mara nyingi huishi.

Basi nunua dawa ya kutosha kazi ya wiki hiyo tu. Iliyobaki ifungiwe kwenye sanduku lenye kufuli, nje ya nyumba ya kulala, na ufunguo ukae kwa jirani au kwa kikundi. Mwenye duka la dawa za kilimo, nawe una nafasi yako: mteja aliyekuja peke yake, macho mekundu, hajui anataka dawa ya mmea gani, muulize habari za shamba, mkalishe, mpigie mtu wa kwao. Kosa la kumchelewesha mteja mwema linasameheka.

Pombe nayo iandikwe hapo. Huondoa breki. Muguka na miraa hukuibia usingizi, na asiyelala siku tatu huona giza kila mahali. Ukitaka kuacha, 1192 ni nambari ya NACADA, nayo haina malipo.

Ukifika hospitali

Kwa miaka mingi familia zilimficha aliyenusurika au kusema ni ajali, kwa hofu ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la hadi kifungo cha miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hiyo mweleze nesi ukweli wote, hasa kama mtu amekunywa kitu, maana matibabu yanategemea ni kitu gani. Beba chupa au pakiti yake.

Walio Mitunguu huenda Kanyakine au hospitali ya Consolata, Nkubu. Wanaohitaji zaidi hupelekwa hospitali ya rufaa, Meru. Upande wa Embu iko hospitali ya Level 5. Dirishani sema wazi: "Nina mawazo ya kujiua," si "kichwa kinaniuma," kwa sababu wa kichwa atapewa dawa za maumivu na kurudishwa nyumbani. Nenda na mtu, na karatasi yako. Ukipewa dawa za sonona, fahamu kwamba huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, na katika wiki za kwanza mtu wa nyumbani akae karibu na azitunze yeye. Ukiona zinakusumbua, rudi useme, usiziache ghafla.

Na wewe uliyempeleka, usiishie getini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 daktari Jerome Motto wa San Francisco aliwafuatilia wagonjwa 843 waliokuwa wamekataa kuendelea na matibabu baada ya kutoka hospitalini. Nusu yao walikuwa wakipokea barua fupi ya kuwajulia hali mara kwa mara, isiyodai chochote. Katika miaka miwili ya kwanza, waliojiua kati yao walikuwa wachache kuliko wale wasioandikiwa. Siku hizi barua ni ujumbe wa simu. Andika: "Nimekukumbuka leo. Si lazima ujibu." Tuma wiki hii, kisha mwezi ujao, na uendelee hata kama hajajibu.